Kujiandaa kwa safari ya uvuvi katika visiwa vya mbali vya Shelisheli

Ndege ndogo inapopaa kutoka Mahé kuelekea kisiwa cha Alphonse, abiria huuacha nyuma mji wa Victoria pamoja na vitu ambavyo hawatavikuta tena kwa muda wa wiki nzima: duka la dawa, benki, duka la vifaa vya uvuvi na hospitali kubwa. Baada ya saa moja hivi ya kuruka juu ya bahari tupu, huonekana kisiwa kidogo chenye umbo la pembetatu, kimejaa minazi, na njia moja ya ndege iliyokikata toka ufuo hadi ufuo. Alichokisahau msafiri nyumbani, amekikosa.

Kila mwaka, wavuvi wa kujifurahisha kutoka Ulaya, Afrika Kusini, Marekani na nchi za Ghuba hulipa maelfu ya dola ili wakae wiki moja katika nyumba za wageni za visiwa hivi. Huvua tangu asubuhi hadi jioni, kisha humrudisha majini karibu kila samaki waliyemkamata. Kwa mtu aliyelelewa Lamu, Tanga au Kilwa, ambako samaki ni kitoweo kwanza na mchezo baadaye, jambo hili huenda likaonekana la ajabu. Hata hivyo lina maelezo yake, na maelezo hayo ndiyo yanayoongoza namna ya kujiandaa.

Visiwa vilivyo mbali na vyenzake

Jamhuri ya Shelisheli ina visiwa 115. Wananchi wake, ambao ni zaidi kidogo ya laki moja, karibu wote huishi Mahé, Praslin na La Digue. Hivi ni visiwa vya mawe ya matale, vyenye milima na misitu. Visiwa vya nje ni vya aina nyingine kabisa. Ni matumbawe na mchanga, havina milima, na vingi havipandi zaidi ya mita chache juu ya usawa wa bahari.

Alphonse iko kilomita 400 hivi kusini-magharibi mwa Mahé. Jirani yake ni Bijoutier, kisiwa kidogo mno, na St François, chenye rasi pana ya maji ya kina kifupi. Mbali zaidi kusini kuna Farquhar, na upande wa magharibi wa hapo, kuelekea Komoro na Madagaska, kuna Astove, Cosmoledo na Aldabra, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Cosmoledo haina njia ya ndege. Mgeni hushuka Astove, kisha huvuka bahari kwa boti.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mbali na visiwa hivi hapo kale. Uwanja wa ndege wa Mahé ulifunguliwa mwaka 1972. Kabla ya hapo wasafiri wengi walifika kwa meli, zikiwemo zile zilizosafiri baina ya Mombasa na Bombay. Aidha, sehemu kubwa ya wakazi wa Shelisheli ni vizazi vya watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki na Madagaska. Ngoma yao ya moutya, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2021, ina asili hiyo. Kazi ya mbata katika visiwa vya nje, iliyoendelea kwa vizazi vingi kabla ya kuja watalii, iliendeshwa kwa mikono ya watu hao.

Kwa nini samaki huachiwa

Samaki anayetafutwa zaidi katika rasi ya St François ni mwembamba, mwenye rangi ya fedha, ambaye wavuvi wa kimataifa humwita bonefish, yaani samaki wa mifupa. Hula kaa na kamba wadogo katika maji yasiyofika magotini, na akishaguswa na ndoana hukimbia kwa kasi inayomaliza makumi ya mita za mshipi kwa sekunde chache. Wa pili ni kolekole mkubwa, samaki mwenye nguvu za kutisha. Filamu ya Blue Planet II ya BBC, iliyoonyeshwa mwaka 2017, ilimwonyesha kolekole huyu huko Farquhar akiruka na kuwadaka ndege wa baharini waliokuwa wakipita juu ya maji. Yuko pia kikande, mwenye meno ya kuvunjia makombe, na mwatiko, ambaye wakazi wa pwani ya Kenya na Unguja wanamfahamu vyema kwa kuwa hufugwa katika mabwawa.

Rasi hizi ni ndogo. Samaki wake hawaongezwi na samaki wa maeneo mengine kwa wingi, na kolekole mkubwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Iwapo kila mgeni angebeba samaki wake, baada ya misimu michache pasingebaki cha kuwaleta wageni, na pasingekuwa na fedha za kuwalipa waongozaji, mabaharia na wapishi. Ndiyo sababu idadi ya wavuvi kwa wiki ina kikomo, na ndoana hutumiwa zikiwa zimebanwa kile kijino kinachomzuia samaki kuchomoka. Uvuvi wa bunduki za mishale majini umepigwa marufuku katika nchi nzima. Samaki wa mezani hutoka katika maji ya kina kirefu nje ya mwamba, ambako huvuliwa jodari na nguru.

Ulinzi huu ni sehemu ya sera pana zaidi. Mwezi Machi mwaka 2020, Shelisheli ilitangaza kwamba asilimia 30 ya eneo lake lote la bahari limewekwa chini ya hifadhi, hatua iliyotokana na mpango wa kubadilisha sehemu ya deni la taifa kuwa fedha za kulinda mazingira ya bahari.

Kuchagua wiki: upepo na mwezi

Maandalizi huanzia kwenye kalenda, pengine mwaka mzima kabla ya safari, kwa kuwa nafasi ni chache na hujaa mapema. Pepo zinazotawala huko ni zile zile zilizoendesha majahazi ya Waswahili. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia mwezi Mei hadi Septemba. Maji huchafuka, na mtu hawezi kurusha mshipi mwepesi dhidi ya upepo huo. Kwa sababu hiyo msimu wa uvuvi katika visiwa vingi huanza karibu na Oktoba na kumalizika kati ya Aprili na Mei. Kaskazi huleta joto na mvua, hasa Disemba na Januari, ingawa mvua hizo mara nyingi hupita upesi.

Mahé iko karibu sana na ikweta, nje ya njia ya vimbunga. Visiwa vya kusini havina kinga hiyo. Mwezi Aprili mwaka 2016 kimbunga Fantala kilipiga Farquhar na kuharibu karibu majengo yote ya kisiwa, ingawa hakuna aliyepoteza maisha. Anayekwenda huko mwishoni mwa msimu anapaswa kulijua hilo, na kusoma kwa makini masharti ya kurudishiwa fedha endapo safari itafutwa.

Jambo la pili ni mwezi. Mvuvi wa pwani hahitaji kuelezwa tofauti ya bamvua na maji mafu, lakini wageni wengi hulipia wiki yao bila kutazama tarehe. Katika rasi za matumbawe, samaki hufuata maji. Bahari inapojaa, hupanda juu ya mafungu ya mchanga kutafuta chakula. Inapokupwa, hurudi kwenye mikondo na vilindi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huingia kwa nguvu na kolekole wakubwa huja nayo. Wakati wa maji mafu mkondo hupungua, na mvuvi hupata saa nyingi zaidi za kutembea kwa utulivu akimtafuta samaki wa mifupa. Hakuna wiki iliyo bora kwa kila samaki. Msafiri anapaswa kwanza kuamua anamtaka nani, kisha aulize bahari itakuwaje katika tarehe zake.

Nyaraka na afya

Shelisheli haidai visa kwa wageni wa nchi yoyote. Hata hivyo, kila msafiri anatakiwa kuomba idhini ya kusafiri kwa njia ya intaneti kabla ya kupanda ndege, na awe na tiketi ya kurudi pamoja na uthibitisho wa mahali atakapolala.

Wasikilizaji wanaotokea Afrika Mashariki na ya Kati wana sharti la ziada. Anayefika kutoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, huombwa cheti cha chanjo. Sharti hili linaweza kumhusu pia mtu anayeishi Muscat au London, iwapo amepita nyumbani kusalimia jamaa kabla ya kuelekea visiwani, au hata amekaa saa nyingi katika uwanja wa ndege wa nchi hizo akisubiri ndege nyingine. Chanjo inapaswa kuchomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Tangu mwezi Julai mwaka 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti hicho hudumu maisha yote. Wenye vyeti vya zamani vilivyoandikwa miaka 10 hawalazimiki kuchanjwa upya.

Malaria haiambukizwi Shelisheli. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu aliyekaa Tanga au Kisumu kwa wiki mbili, akimeza vidonge vya kinga, huviacha mara tu anapofika kisiwani, akiamini hatari imekwisha. Vidonge hivyo vinapaswa kuendelezwa baada ya kutoka katika eneo la malaria: aina nyingine kwa siku 7, nyingine kwa wiki 4, kama daktari alivyoagiza. Vimelea vinaweza kukaa mwilini zaidi ya wiki moja kabla ya homa kujitokeza, na homa ya malaria katika kisiwa kisicho na maabara ni jambo la hatari. Anayeugua hana budi kuwaeleza wenyeji wake mara moja kwamba ametoka Afrika Mashariki. Inafaa pia kujua kwamba doxycycline, ambayo ni moja ya dawa za kinga, huifanya ngozi kuungua upesi kwa jua. Mvuvi atakayesimama majini saa nane kwa siku anapaswa kumwuliza daktari wake kuhusu dawa mbadala.

Bima ya safari isinunuliwe kwa kutazama bei peke yake. Swali la msingi ni kama inalipia ndege ya kumtoa mgonjwa kisiwani hadi Mahé, na pengine hadi nchi nyingine. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu aueleze wazi anapojaza fomu, kwa sababu ugonjwa uliofichwa unaweza kuwa kisingizio cha kutolipwa. Dawa za kila siku zibebwe za kutosha wiki mbili kwa safari ya wiki moja, na zikae katika mkoba wa mkononi.

Hesabu ya kilo

Ndege za visiwani ni ndogo, na kila kilo huhesabiwa. Kikomo hutofautiana kati ya safari na safari, lakini mara nyingi huwa karibu na kilo 15 hadi 20 kwa mtu, na mkoba wa mkononi unaweza kuhesabiwa ndani yake. Sanduku gumu huweza kumaliza kilo 4 likiwa tupu. Kwa hiyo wazoefu hutumia mfuko laini usiopitisha maji.

Nguo ndizo zinazopaswa kupunguzwa kwanza. Mashati mawili mepesi ya mikono mirefu, suruali mbili zinazokauka upesi, kofia yenye ukingo mpana, kitambaa cha kufunika shingo na uso, na koti la mvua vinatosha, kwa kuwa nguo hufuliwa huko huko. Rangi ziwe za mchanga au za anga. Samaki aliye katika maji ya kina kifupi huona vizuri kilicho juu yake, na shati jeupe linalong'aa humkimbiza.

Mzigo unaopotea katika ndege kubwa, Dubai, Doha au Addis Ababa, hauwezi kumfuata mwenyewe kirahisi, kwani ndege inayofuata ya kwenda kisiwani huenda ikawa ya wiki ijayo. Ni busara kufika Mahé siku moja kabla. Mkoba wa mkononi uwe na pasipoti, dawa, miwani, viatu vya kuvulia, shati moja na kigurudumu cha mshipi. Ndoana, koleo na visu viwekwe katika mzigo mkubwa, la sivyo vitachukuliwa na maofisa wa usalama. Siku ya kurudi nayo isibanwe, kwani hali ya hewa inaweza kuichelewesha ndege ya kisiwani, na ndege ya kimataifa haitamsubiri mtu.

Vifaa vya kazi

Uvuvi unaofanyika zaidi katika rasi hizi ni ule wa fimbo nyembamba na chambo cha bandia, kilichofungwa kwa manyoya na nyuzi kifanane na kaa, kamba au dagaa. Kwa mwatiko, ambaye hula mwani na viumbe vidogo mno, chambo hufungwa kifanane na kipande cha mwani kinachoelea.

Fimbo hupangwa kwa namba kulingana na nguvu zake. Kwa samaki wa mifupa hutumika namba 8 au 9, na kwa kolekole mkubwa namba 12. Inapasa kubeba zote mbili, kwa sababu kolekole hutokea pasipo kutarajiwa, na waongozaji hushauri fimbo yake iwe tayari wakati wote. Fimbo ya vipande vinne huingia ndani ya ndege bila usumbufu mkubwa. Kipande cha mwisho cha mshipi kwa samaki wa mifupa kinaweza kuwa cha nguvu ya pauni 16 hadi 20. Kwa kolekole hufungwa cha pauni 100 na kuendelea, na hata hicho hukatika kikisuguliwa na matumbawe. Msafiri abebe mshipi wa akiba kwa kila fimbo.

Miwani ya jua inayokata mng'aro wa maji ni lazima, kwani uvuvi huu ni wa kumwona samaki kwanza, kisha kumrushia. Miwani hiyo hiyo hulinda jicho lisichomwe na ndoana inayopeperushwa na upepo, ajali ambayo mahali pasipo na daktari wa macho inaweza kumgharimu mtu jicho lake. Jozi ya pili ya miwani si anasa. Viatu viwe vya soli ngumu, vinavyofunika vifundo vya miguu. Ndara hazifai juu ya matumbawe.

Kinachosahaulika zaidi hakina uzito wowote: mazoezi. Mwongozaji husimama nyuma ya boti akiisukuma kwa upondo, na anapomwona samaki huelekeza kwa mfano wa saa. Mbele ya boti ni namba 12, kulia ni namba 3, kushoto ni namba 9. Hapa msemaji wa Kiswahili huingia katika mtihani wa peke yake. Akili iliyozoea kuona mshale kwenye 10 na kusema "saa nne" hulazimika kufikiri mara mbili, na samaki hangoji. Inasaidia kusahau majina ya saa na kuifikiria sura ya saa ya ukutani yenyewe. Majuma kadhaa kabla ya safari, mtu afanye mazoezi katika uwanja wa wazi, siku yenye upepo, akirusha mshipi mita 15 hadi 20 kuelekea alama aliyoiweka chini, kwa mirusho miwili au mitatu tu. Wengi wa wanaokosa samaki Alphonse hawakosi kwa uhaba wa samaki.

Hatari za majini

Jua la nyuzi 7 kusini mwa ikweta, likirudishwa na maji na mchanga mweupe, huunguza hata ngozi nyeusi, na huwachosha watu kwa kukauka maji mwilini. Kinga bora ni nguo. Mafuta ya kujikinga yapakwe kabla ya kutoka chumbani, na mikono ioshwe kabla ya kushika chambo au samaki.

Mikwaruzo ya matumbawe huoza upesi katika joto. Isafishwe kwa maji safi na dawa siku ile ile, hata kama ni midogo. Taa hujificha mchangani, na mtu anashauriwa kutembea kwa kuburuta miguu ili amwondoe kabla ya kumkanyaga. Aliyechomwa na mwiba wa taa au wa samaki-jiwe hutuliza maumivu kwa kulitumbukiza jeraha katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku akitafutiwa msaada wa kitabibu.

Usalama wa bahari yenyewe nao ulikuwa suala zito. Mwezi Machi mwaka 2009, boti iliyokuwa ikipeleka watalii katika visiwa vya Aldabra ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa na mabaharia saba Washelisheli, muda mfupi baada ya kuwashusha wageni wake. Mabaharia hao waliachiwa miezi kadhaa baadaye, na kwa kipindi fulani uvuvi wa kitalii katika visiwa vya mbali ulisimama. Hali ilitulia baadaye na nyumba za wageni zikafunguliwa. Hata hivyo, msafiri anapaswa kusoma tahadhari za usafiri za nchi anayoishi kabla ya kulipa.

Kumwachia samaki akiwa hai

Samaki anayeogelea kwenda zake si lazima awe amepona. Aliyechoka kupita kiasi, aliyekaa hewani au aliyepoteza ute wa ngozi yake huwa chakula cha papa na mzia dakika chache baadaye. Kwa hiyo mgeni hujifunza hatua zifuatazo, na ni vyema azijue kabla hajafika.

Kwanza, atumie mshipi wenye nguvu ya kutosha ili pambano liwe fupi. Pili, alowanishe mikono kabla ya kumgusa samaki, na amwache ndani ya maji wakati ndoana inapotolewa. Tatu, picha ipangwe mapema: kamera iwe tayari, samaki ainuliwe kwa sekunde chache, kisha arudishwe. Nne, ashikwe kwa upole kichwa kikielekea mkondo, mpaka atakapojichomoa kwa nguvu zake mwenyewe. Tano, papa wakionekana karibu, uvuvi mahali hapo usitishwe, na samaki aachiwe pengine.

Kisichopaswa kuingia wala kutoka

Kisiwa kidogo huweza kuharibiwa na kitu kidogo. Mbegu iliyonasa katika soli, chungu waliojificha mfukoni, au panya aliyeingia katika shehena, huweza kuangamiza ndege na mimea isiyo na kinga dhidi yao. Viatu vipigwe brashi na kuoshwa nyumbani, na mifuko ikung'utwe, hasa kama ilitumika shambani au katika mbuga.

Kasa na ng'amba wanalindwa kikamilifu na sheria ya Shelisheli tangu mwaka 1994. Msimu wa ng'amba kutaga mayai huangukia ndani ya msimu wa uvuvi, na katika visiwa hivi hupanda ufuoni mchana kweupe. Anayekutana naye asimame mbali na amwache amalize kazi yake. Magamba, matumbawe na makombe hayabebwi.

Plastiki nayo ni mzigo wa kufikiriwa. Mwaka 2019, watu wa kujitolea walikusanya tani 25 za taka katika fukwe za Aldabra, mahali pasipo na mji wowote. Sehemu kubwa kwa uzito ilikuwa nyavu na kamba za meli za uvuvi, na miongoni mwa vitu vilivyoonekana kwa wingi zaidi ni ndara, zilizoletwa na mikondo ya bahari kutoka fukwe za mbali. Mgeni aache vifungashio vya vifaa vyake nyumbani, na arudi na betri chakavu pamoja na kila kipande cha mshipi alichokikata.

Safari hizi si za mfuko wa kila mtu. Yule ambaye uwezo wake haufiki Alphonse anaweza kuanzia karibu zaidi, katika maji ya Mafia, mkondo wa Pemba au Watamu, ambako manahodha wengi wa boti za sulisuli siku hizi humwachia samaki wao. Maandalizi ni yale yale: kalenda ya mwezi, cheti cha chanjo, bima, miwani ya akiba na mazoezi ya kutosha.

Kisiwani Alphonse, siku ya kuondoka, mizigo hupimwa tena kandokando ya njia ya ndege. Ndege inayowachukua wageni huwa imeleta wengine. Samaki walioachiwa wiki ile wamo rasini, na ndio watakaotafutwa na hao wanaoshuka.